Maua Manne ya Rumen

Zlatka, pokea simu! Nakufa, shoga yangu. Tena nishakufa!

Rumen alikuwa hapa. Rumen yuleyule wa kiangazi kile cha kuchuma waridi, aliyeniacha akaenda ughaibuni. Kasimama langoni pangu analia kama mtoto.

Kisa? Lile tangazo la kifo nililobandika langoni, la kutimiza mwaka tangu dada Nevena afariki. Unajua tulivyofanana kama shilingi kwa ya pili. Rumen hana miwani, kaona picha, kadhani ni mimi!

Kaniletea waridi nne. NNE! Idadi shufwa, ya maiti!

Akaiambia picha, "Donka, nimechelewa. Nilikuwa mwoga. Ungekuwa hai ningekuoa hata leo, pamoja na huo mdomo wako mchafu."

Hata leo, Zlatka! Kasema hata leo!

Na mimi nimejibanza nyuma ya mzabibu, kichwa kimepakwa rangi ya nywele na kufungwa mfuko wa plastiki, meno yamelala kwenye glasi jikoni. Ningemwitaje? Angedhani mzuka, tukazika mwingine.

Nikakimbilia meno. Kurudi, hayupo, kaacha waridi langoni!

Lazima anakuja kituo cha basi, hapo mbele ya kwako. Mshike! Mwambie kamlilia mtu siye. Basi likija jilaze barabarani, mwili unao.

Rangi inachuruzika hadi shingoni, lakini nakuja hivihivi. Waridi moja nimempa mbuzi. Zimebaki tatu, idadi ya mtu aliye hai.