Kilo Nane kwa Siku Tisa

Funzi,
Jumatatu.

Kwako dada yangu Mwanasha,

Assalam aleikum, na shikamoo dada. Naomba Mungu barua hii ikukute umeanza kula angalau uji, na ile presha imeshuka. Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi, ingawa sistahili. Simu nimeizima kwa kusudi. Barua nimempa Subira mchuuzi wa samaki, akutilie mkononi wewe mwenyewe. Ukishaisoma, mwite mwanao Shutu umsomee kabla hajatoka uani.

Subira ameniletea habari za huko. Amesema Ijumaa Shutu na wenzake wakata miwa wa Ramisi walimvizia Chengo pale Kona ya Musa, wakamburura kutoka kibanda cha chai, wakamlaza mkono wa kulia juu ya jiwe na kuuvunja kwa nondo, huku watu wakishangilia na wengine wakipiga picha. Alijitupa chini ya lori la mboga, ndiyo maana yu hai. Tena nasikia Shutu amenoa panga, ameapa kwamba arobaini ya mdogo wake haitafika kabla hajakwenda Kinango kummaliza huyo Chengo, eti ndiye aliyemuua mwanao Mwero kwa chuma ndani ya glavu ya ngumi. Nilipoyasikia nilimwomba Subira angoje, nikakaa kuandika.

Wewe hukuwepo kwenye pambano, kwa hiyo nikueleze. Raundi ya kwanza Mwero alipigana kama tunavyomjua. Ya pili mikono ikaanza kushuka yenyewe. Chengo akampiga mbavu, akampiga taya, akampasua nyusi, damu ikamfunika jicho zima. Lakini hakuwa na jasho, dada. Ukumbi mzima tulikuwa tumelowa, na ngozi yake ilikuwa kavu kama karatasi. Nilipommwagia maji kichwani kwenye kona yetu, alitoa ulimi akayalamba yaliyokuwa yakimtiririka usoni. Nikamkemea ayateme.

Raundi ya nne ngumi ya sikio ilimwangusha. Akainuka. Chengo alirudi nyuma, akamtazama refa, akanitazama na mimi, akangoja. Mimi nilipiga ubao wa ulingo kwa viganja nikimpigia Mwero kelele aendelee, asitutie aibu. Akaenda. Ngumi mbili tu, wala hazikuwa kali. Kichwa kikapiga sakafu, miguu ikawa inarukaruka, povu lenye damu likamtoka. Mengine unayajua, kwa sababu siku zile mbili za hospitali ulikuwa umemshika mguu.

Sasa nakuja kwenye lililonifanya nikimbie siku ya pili baada ya maziko. Glavu ya Chengo haikuwa na chuma. Haikuwa na kitu chochote. Maneno yale niliyatunga mimi, pale nje ya wodi, nikamtilia Shutu sikioni.

Mwero alikuwa na kilo sitini na tisa. Mimi kocha wake niliweka sahihi apigane kwa kilo sitini na moja, bila kumuuliza, kwa sababu kwa uzito ule kulikuwa na mkanda wa ubingwa, na mkanda ule niliukosa ujanani mwangu. Zilibaki siku tisa. Kwetu mjomba hapingwi, nawe unajua. Siku nne nilimpa mayai mawili na tango. Siku tatu maji ya ndimu matupu. Mbili za mwisho hata maji nilimkataza, nikamkimbiza ufukweni Diani jua la saa saba akiwa na koti la mvua, na mate nikamtemesha kwenye kopo. Nilimwambia mtaka cha mvunguni sharti ainame. Siku moja nilimkuta kwenye bomba nyuma ya msikiti, amefungua mdomo. Nilimzaba kofi akaanguka, kisha akaniomba radhi. Yeye ndiye aliyeniomba radhi, dada.

Asubuhi ya kupimwa uzito, saa chache kabla ya pambano, Chengo alimpa mkono, kisha akanivuta kando. Alisema huyu ndugu anaumwa, macho yameingia ndani, afadhali tuahirishe mwezi mmoja, au wapigane kwa uzito wowote, mkanda si kitu. Nilimwita mwoga mbele ya watu. Kijana huyo ndiye mliyemvunja mkono.

Na daktari aliponiuliza Mwero alikula nini wiki ile, na maji alikunywa lini mara ya mwisho, ulikuwa nyuma yangu ukisikia. Nilimwapia kwa jina la Mungu kwamba amekula wali na samaki kila siku. Vipimo vilipotoka, akaniambia figo zilikuwa zimeanza kufa kabla ya pambano, na kwamba ubongo wa mtu aliyekaushwa hivyo hauwezi kuhimili ngumi. Nilielewa kila neno. Nikatoka nje nikatafuta wa kumlaumu.

Jambo jingine. Umelia kwamba mwanao alikufa amekukasirikia, kwa kuwa Alhamisi ile aliisukuma sahani ya wali wa nazi akaondoka bila kuaga. Hakukasirika. Mimi nilikuwa nimesimama nje ya ua nikimngoja. Alipotoka alikuwa analia, akasema akishapimwa tu atarudi umpikie tena ule ule.

Ijumaa baada ya sala nitavuka nije nikae barazani kwako, mbele ya wazee na yeyote atakayetoka Kinango. Sitakuja na kitu mkononi. Shutu akitaka kutumia panga, njia ya kuja kwangu ni fupi kuliko ya Kinango.

Barua hii nimeizungushia taulo langu la kona. Lilikuwa shingoni mwangu tangu raundi ya kwanza hadi mwisho, na kulirusha tu ulingoni kungelisimamisha pambano. Mpe Shutu aligeuze pande zote mbili. Halina hata tone la damu.

Nisalimie wote watakaokubali salamu yangu, na umwombee Mwero. Mimi usiniombee bado.

Ni mimi ndugu yako,
Suleiman Rai