Nusu ya Boneti ya Gidioni

Baba,

Gidioni amekuja mwenyewe kuniomba. Nilitaka ulisikie hilo kwanza, kabla hata ya salamu. Shikamoo, Baba.

Ndiyo, yule yule uliyemfundisha kushika kitambaa cha kung'arishia magari, akaenda kufungua banda lake ng'ambo ya barabara, hapa hapa Bonga, na mashine ya kupigia polishi. Akasimama mbele ya wateja wako akasema, "Mzee anapapasa gari kama anapapasa mbuzi wa mnadani." Walicheka, nawe ukacheka nao. Lakini jioni hukugusa ugali, na mimi niliona.

Wateja wakahamia kwake. Mashine ilimaliza gari kabla chai haijapoa, nani angesubiri mkono wako? Wewe ukaendelea kunisisitizia lile lile: "Usizungushe mkono, Rehema. Nenda moja kwa moja, kama upepo unavyopita gari likiwa safarini."

Ulipofariki, akajitolea kukubeba kwa Noah yake nyeusi. Watu wakamsifu kwa moyo wake. Tulipofika makaburini Nangara jua likapiga boneti, nikaiona imejaa viduara vya mikwaruzo ya mashine yake. Na wewe uko ndani, Baba! Nililia kwa hasira zaidi kuliko kwa msiba.

Basi mwezi huu binti yake ameolewa. Kabla ya harusi binti alikataa kupanda Noah ile, akasema ikitoka juani inaonekana kama kuku wameichakura. Ndipo Gidioni akavuka barabara, mpole kweli kweli. "Dada Rehema, nisaidie angalau boneti. Mkono wa mzee unao wewe."

Nikamwambia alilete gari.

Nilifanya kazi kutwa, kwa kitambaa chako, upande wa kulia wa boneti tu. Nilinyoosha mkono kama ulivyotaka, mpaka nikauona uso wangu mle. Upande wa kushoto sikuugusa. Kivulini, chini ya bati letu, huwezi kutofautisha, na yeye alikuja kuchukua gari mbio mbio, akaridhika.

Asubuhi ya harusi jua lilitoka kali. Noah imetangulia, matarumbeta nyuma yake, na boneti imegawanyika katikati kama nguo iliyoshonwa kwa vitambaa viwili. Bibi harusi alikaa nyuma na maua yake, hakuona kitu. Sikuwa na ugomvi naye. Lakini pale kanisani wakwe waliizunguka ile boneti, na kijana mmoja wa bodaboda akapaza sauti, "Gidioni, huu upande unaong'aa kapiga nani?"

Akajifanya anakagua tairi. Wakamuuliza tena. Ikabidi aseme, mbele ya wakwe zake, "Binti wa mzee wa ng'ambo. Kwa mkono."

Nilifurahi, Baba. Sitakudanganya. Nilikula pilau yao sahani mbili.

Kesho yake alikuja anafoka, anataka nimalizie. Nikamwambia upande uliobaki unaanzia Nangara. Aende kaburini kwako, ayarudie mbele yako yale maneno ya mbuzi, kisha aombe radhi kwa sauti ile ile aliyokutukania. Hajaenda bado. Lile gari linapita hapa kila siku na nusu yake inayong'aa, watu wananyoosha vidole.

Kitambaa chako nimekifua, kimekauka. Nakuahidi hakitagusa upande ule mpaka aje kwako.

Lala salama, Baba. Na siku akija, nakuomba, usimsamehe haraka. Mwache asimame hapo kwanza, jua limpige.

Mwanao,
Rehema