Herufi H Kwenye Karatasi ya Damu

Alhamisi. Hapa Kaaga, Meru, mvua imenyesha tangu asubuhi, na nimechoka hadi kuvua viatu ni kazi.

Nilikuwa likizoni kwa mama, Ishiara, nikapimwa damu kwenye kliniki ya pale. Vipimo vya kawaida tu, sikuwa naumwa. Majibu yakaja sawa yote isipokuwa mstari mmoja, MPV, uliowekewa H, yaani umezidi kiwango. Nesi akasema huo ni ukubwa wa chembe zinazogandisha damu, na zangu ni kubwa kupita kiasi. Mengine nimuulize daktari.

Baba alikufa kwa saratani ya damu. Yake pia ilianza na karatasi.

Mama alicheka. Alikuwa anachambua ndengu za kuuza. "Kubwa si ndiyo nzuri? Ndogo nani atanunua?"

Wacha niseme ukweli, nilikasirika. Nilirudi Meru nikisema moyoni huyu mama hajali.

Siku kumi na moja sijalala vizuri. Juzi kazini, ofisi ya shule, nilipiga chapa barua moja ya mwalimu mkuu mara tatu na bado ilikuwa na makosa. Mtandaoni nimesoma mpaka macho yakauma, na kila ukurasa ulinizika.

Leo daktari ameuliza kitu ambacho sikutarajia: damu ilitolewa saa ngapi, na ilifika kwa mashine saa ngapi?

Ilitolewa saa mbili asubuhi. Lakini kliniki haina mashine, damu hupelekwa Embu, na mwenye pikipiki haondoki mpaka kisanduku kijae; siku hiyo ya soko waliokuja kupimwa walikuwa wachache. Ilifika jioni.

"Basi ndiyo hiyo," akasema. Chembe hizo zikikaa sana kwenye chupa huvimba. Tena ukubwa peke yake hautoshi kusema mtu ni mgonjwa. Huangaliwa pamoja na idadi, na yangu iko sawa. Akapima upya pale pale.

Hakuna H.

Nimempigia mama nikijua atacheka tena. Badala yake nikasikia analia.

Kumbe tangu niondoke amekuwa akitembea na faili ya hospitali ya baba ndani ya kiondo. Mama hajui kusoma. Sokoni amekuwa akisimamisha kila anayejua kusoma, amwangalizie kama hata kwenye karatasi za baba waliandika H.

Na mimi nilisema hajali.

Jumamosi nashuka Ishiara. Ile faili nitairudisha kabatini mwenyewe.