Redio Isiyokula Mawe ya Jirani

Jumapili, mvua.

Inanyesha tangu tutoke kanisani, mvua yetu hii ya Kakamega isiyo na haraka, nami nimekaa na hasira ndogo isiyotaka kuisha. Mpwa wangu amefika jana kutoka Voi. Simu yake imezima na chaja ameisahau kwao. Nimemwaga droo nzima mezani, chaja za kila umbo, zimesokotana kama matumbo ya mbuzi.

Hakuna hata moja inayoingia.

Naambiwa simu yenyewe ni ya bei, imetengenezwa na watu wenye akili. Sawa. Lakini mwenye akili gani anatoboa kitundu cha peke yake, halafu anakuachia wewe kazi ya kukitafutia mwenzake? Kwangu mimi huo ni uchoyo tu, hata ukipakwa rangi nzuri.

Labda tatizo ni langu. Nililelewa na mawe.

Mawe ni zile betri nene za duara, kwa nyinyi mliozaliwa juzi. Miaka ya tisini, kwetu Mayoni, jiwe lilikuwa jiwe. La tochi liliingia kwenye redio, la redio likaingia kwenye tochi, na hakuna aliyeuliza limetengenezwa na nani. Yakichoka tuliyaanika juu ya mabati, yakapata nguvu ya taarifa ya habari angalau. Yakikataa kabisa, Mama alinituma kwa jirani yetu, Mama Shiundu, ambaye hakuwa na redio ila alikuwa na tochi. Aliyaleta mawe yake mwenyewe, maana mwenye mawe ana haki ya kusikiliza. Jumamosi zetu zilikuwa hivyo: mawe mawili yetu, mawili yake, na kipindi cha salamu.

Wengine walifuata muziki. Mama alikuwa anamngoja Everlyne.

Everlyne ni dada yangu mkubwa. Aliolewa Voi na kijana ambaye Baba hakumtaka, wakagombana, akaondoka bila kuaga. Baba, mkulima wa miwa na mtu wa neno moja, akasema jina hilo lisitajwe tena kwake. Simu hatukuwa nayo, na barua isingempita yeye. Ilibaki kadi ya salamu, isomwe redioni Kenya nzima ikisikia, mahali ambapo hata Baba hana mlango wa kufunga. Mwaka ukaisha Mama akisikiliza majina ya watoto wa watu. Hakujua kama wake yuko hai.

Krismasi ikaja, na kaka yetu Wycliffe akaja nayo kutoka Nairobi, kashika redio mpya. Nyembamba, rangi ya fedha, nzuri jamani. Betri yake ilifungiwa ndani kwa ndani, na chaja ilikuwa na ncha ya pembe tatu ambayo sijaiona tena mahali popote. Ile ya zamani tukampa shangazi wa Shinyalu. Tulijiona tumeendelea. Kazi yangu ikawa kuipeleka hii mpya sokoni, kwenye kinu cha posho palipokuwa na stima, na kuirudisha imeshiba.

Mpaka ncha ikavunjika.

Fundi wa sokoni alijaribu kila waya aliokuwa nao, akacheka, akasema labda Nairobi. Jumamosi ikafika. Mama Shiundu akaingia na mawe yake kama kawaida. Mama akayapokea, akaigeuza redio, akatafuta mlango mgongoni. Akaigeuza tena. Hapakuwa na mlango.

“Sasa hii inakulanga nini?” akauliza.

Akabaki amesimama na mawe ya watu mkononi. Nikifumba macho namwona bado.

Na hiyo ndiyo Jumamosi salamu za Everlyne ziliposomwa.

Watu walianza kuingia kwetu jioni, mmoja mmoja. Katekista alikumbuka kwamba ni Everlyne wa Voi, anamsalimu mamake huko Mayoni, anasema yu mzima. Mke wa mwenye kinu alisikia kuna mtoto wa kike. Wasichana waliotoka mtoni walisikia na jina la mtoto, lakini wakabishana, hadi mmoja akasema kwa uhakika: Nafula.

Wote wakamgeukia Baba. Nafula alikuwa kukhu, nyanya yangu, marehemu mama yake Baba.

Mama alimkalisha kila mmoja, akamtilia chai, akamwomba aseme tena polepole. Alizikusanya salamu zake kwa majirani vile alivyozoea kukusanya mawe. Alifurahi, na alilia pia, kwa sababu kila mtu Mayoni alikuwa amelisikia jina la mwanawe redioni isipokuwa yeye. Baba alikaa kwenye kiti chake mpaka mgeni wa mwisho akaondoka.

Asubuhi baiskeli ya Baba haikuwepo.

Alirudi siku ya pili jioni, matope hadi magotini. Amefika Shinyalu na kurudi. Redio yetu kuukuu ilikuwa nyuma, imefungwa kwa mpira, na mawe mapya yako mfukoni. Sijui alimwambia nini shangazi. Aliyaweka mwenyewe, moja moja, akaiwasha kuona kama inasema, akaizima, akaisogeza karibu na Mama.

“Jumamosi mniite,” alisema. “Huenda wakamtaja tena mama yangu.”

Hakusema “yule mtoto.” Alisema mama yangu, kama inavyompasa mtu ambaye mamake amerudi kwa jina la mjukuu. Tangu siku hiyo jina la Everlyne likarudi mezani pamoja na obusuma, ugali wetu, na mboga, na hakuna aliyeitisha kikao cha kusameheana.

Mara nyingi nimejiuliza kama angeenda Shinyalu iwapo ile redio ya fedha ingekuwa imeshiba siku ile. Huenda angesikiliza, akainuka, akaenda kulala na kiburi chake. Sijui. Ila siishukuru kwa hilo. Kitu kisichoweza kuazima kwa jirani bado hakinifurahishi.

Mpwa wangu amenichoka na manung'uniko haya, ametoka na simu yake kubisha hodi nyumba za jirani. Amekawia. Sasa naona lango linafunguka. Chaja hana, ila ameshika sahani ya mahindi ya kuchemsha, na anacheka peke yake.

Nafula amelowa chapachapa. Acha nikamwashie moto mama yake Baba.