Vitabu vya Kumsomea Kaka

Jumatatu, 3 Machi

Itangazwe kwa wote wanaohusika na hata wasiohusika: leo asubuhi, mbele ya mashahidi wawili (mmoja alikuwa amesinzia juu ya gazeti), mimi, fundi wa friji, mwenye kitambi na goti bovu, nimekabidhiwa kadi ya maktaba. Ina picha yangu. Nimetoka kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani kwapani.

Kitabu cha mwisho nilichosoma chote kilikuwa cha maelekezo ya kompresa. Nacho nilikisoma baada ya kompresa kulipuka.

Sababu ya kadi ni kaka. Tangu atoke hospitali anakaa chumba chetu cha mbele, kwenye kiti chenye mikono, karibu na dirisha. Mkono wa kulia umelala. Mdomo umenyamaza. Kiharusi kimemnyang'anya maneno — yeye, mwalimu, mtu aliyekuwa akifundisha hata usingizini! Dada wa mazoezi, anayekuja kila Ijumaa kumrudisha kwenye kuzungumza, anasema sauti ipo na akili ipo, ila njia ya kati ndiyo imekatika. Huenda ikaunganika. Huenda isiunganike. Akaniambia nimsomee, kwa sauti, kila siku. Nikauliza vitabu gani. Vyovyote, akasema, mradi avipende.

Mradi avipende. Huyu ndiye aliyenifundisha kusoma mimi! Nikiruka neno, anagonga meza kwa kifundo cha kidole, mara mbili. "Tena." Naanza upya kutoka juu. Vitabu nikavikimbia tangu siku hizo, nikaenda kujificha nyuma ya mafriji. Ndiyo akaniita Barafu. Mpaka leo — yaani mpaka majuzi — sijawahi kumsikia akiniita jina langu.

Mkutubi ni mama wa umri wangu, miwani inaning'inia kifuani kwa mnyororo. Nikamwambia mgonjwa wangu ni mtu wa kuchagua sana. Akanipeleka kwenye rafu iliyoandikwa TUNAPENDEKEZA: afya, historia, mapishi, riwaya. Wengi wenye wagonjwa huanzia kwenye afya, akasema.

Basi nami nimeanzia huko. Mimi ni nani nipinge rafu?


Jumamosi, 8 Machi

Afya imetushinda.

Kitabu chenyewe si kibaya. Karatasi nzuri, picha za ubongo zinazofanana na koliflawa. Nimesoma siku nne mfululizo, nikijisifu kimoyomoyo, hadi leo nikatumbukia kwenye aya ya wagonjwa ambao usemi wao haurudi kabisa. Sentensi ilishatoka mdomoni kabla macho hayajaufikia mwisho wake.

Kaka akanyoosha mkono wa kushoto, ule mzima. Akakifunga kitabu. Taratibu tu, bila hasira. Kisha akageuzia uso dirishani, akabaki huko mchana kutwa.

Mke wangu akaniita jikoni. Akaniuliza kama mimi nikiwa na homa nitapenda kusomewa idadi ya waliokufa kwa homa. Nikamuuliza mbona hakusema mapema. Akasema sikumuuliza mapema.

Aliyefaidika ni yeye. Amekisoma chote huku akimenya vitunguu, na kikopo cha chumvi kimetoweka mezani. Naambiwa ni kwa ajili ya presha. Presha yangu, siyo ya kaka.


Alhamisi, 13 Machi

Historia! Kitabu kinene kuhusu barabara: nani alizichonga, nani alizipita, nani alizitoza kodi. Mkutubi alinihakikishia hiki hakijawahi kurudishwa na mtu aliyenuna. Na kaka amefundisha historia maisha yake yote. Nikajiona nina akili.

Siku tatu, kimya. Macho dirishani.

Leo nikafika kwa mfalme mmoja wa zamani aliyejenga barabara ya mawe. Mbele ya jina lake kuna herufi: XIV. Mimi nikasoma nilichokiona. "Mfalme wa Eksi-ai-vii."

Nikasikia kitu kama pumzi. Nikainua macho. Uso wa kaka umegeuka kutoka dirishani, unanitazama, na nyusi moja iko juu karibu na upara. Naijua nyusi hiyo. Imeniadhibu utoto mzima.

Nilimwita mke wangu aje aione. Alipofika ilishashuka. Akamtazama kaka, akanitazama mimi, akauliza nimemfanyia nini shemeji yake. Nikasema nimemsomea historia. Akasema masikini.

Lakini nimeiona. Leo nimefunga karakana mapema, nikanunua machungwa.


Jumapili, 16 Machi

Kitabu cha barabara kimekwisha. Nikachukua cha mapishi, kwa sababu rafu ni rafu na mimi nafuata utaratibu.

Mke wangu alitaka kumsomea yeye. Sauti yake ni nzuri, sikatai. Akakaa, akavaa miwani, akaanza habari za kuku wa kuokwa kama mtu anayesimulia mapenzi: mpake mafuta, mwache apumzike, usimfungulie mlango kabla ya wakati wake. Tulikuwa hatujala. Chumba kimya. Ghafla tumbo la kaka likanguruma, refu, lenye kupanda na kushuka.

Mke wangu akafunga kitabu. "Nimekusikia, shemeji," akasema, akaenda jikoni.

Kwa hiyo iandikwe: kiungo cha kwanza kuzungumza katika nyumba hii ni tumbo. Kaka akacheka. Bila sauti, mabega tu, na upande mmoja wa mdomo. Nami nikacheka mpaka nikatoka nje kufuta macho. Vumbi, nilimwambia mke wangu. Akasema ndiyo, amefagia mwenyewe asubuhi, anajua lilivyo jingi.


Jumatano, 19 Machi

Sasa riwaya. Mkutubi alisita kidogo kunipa. Inaliza, akasema. Nikamwambia mimi fundi, silizwi na karatasi.

Ni habari ya ndugu wawili wenye duka la kutengeneza saa. Mkubwa ana maneno mengi, mdogo ana mikono mizuri. Mkubwa anasimama kaunta na kumkosoa mdogo mbele ya wateja. Mdogo ananuna nyuma ya pazia, kisha anafanya kama alivyoambiwa, kisha anajidai wazo lilikuwa lake. Ni kama mwandishi aliwahi kulala chini ya kitanda chetu.

Kaka hatazami dirisha tena. Nikifika tu na kitabu, anajisogeza kitini. Nikisoma maneno ya yule mkubwa naigiza sauti yake mwenyewe, ile ya darasani. Nyusi inapanda. Naendelea kuigiza, kwa sauti nzito zaidi.

Aibu nyingine: leo nimekichukua hadi karakana. Mteja amekuja kuulizia friji yake, akanikuta nimeiegemea, nasoma. Nikamwambia nasikiliza kompresa.


Ijumaa, 21 Machi

Siku mbaya.

Kwanza, nimesoma mbele, karakana, wakati wa chakula. Sura ya tisa. Yule mkubwa anaanguka dukani, hawezi kusema, anauguzwa na mdogo wake, na mwisho wa sura anakufa. Nilikaa na mkate mkononi kama bwege. Sikuumalizia.

Pili, dada wa mazoezi alikuja. Akamtamkisha kaka sauti zote: aa, oo, ma, ba. Jasho likamtoka kaka. Hakuna kitu. Ndipo yule dada akatoa kwenye mkoba kadi zenye picha. Kikombe. Kitanda. Choo. Awe anaonyesha kwa kidole anachokitaka. Kaka akazitazama kama kazi mbovu ya mwanafunzi, akazisukuma.

Mlangoni dada akapunguza sauti. Hajakata tamaa, akasema, lakini alitegemea kusikia angalau neno moja kufikia sasa. Tuanze kumzoesha kadi. Nasi tujizoeshe.

Mtu aliyefundisha nusu ya mji huu, aonyeshe choo kwa kidole.

Kwa hiyo nimeamua. Sura ya tisa simsomei. Nitairuka. Atajuaje? Kitabu hajawahi kukiona ndani.


Jumamosi, 22 Machi

AMESEMA!

Kaka amesema. Alasiri, nikiwa namsomea. Neno moja, zima, limenyooka kama rula. "Umeruka."

Mke wangu alilisikia kutoka jikoni, akaja mbio na mwiko. "Nani karuka? Wewe? Na goti hilo?" Kisha akaelewa kilichotokea. Mwiko ukaanguka. Akapiga magoti mbele ya kiti, akamshika kaka mkono ule uliolala. "Karibu nyumbani, shemeji," akasema. Basi. 

Nilimpigia simu dada wa mazoezi. Alipiga kelele za furaha, nikalazimika kuiweka simu mbali na sikio. Kisha akauliza neno lina maana gani, tulikuwa tunazungumza nini. Nikasema sijui. Akasema nisijali, maneno ya kwanza huja hovyo, pengine alimwona ndege dirishani. Nikasema ndiyo, labda ndege.

Mke wangu naye sasa anawaambia majirani habari za ndege.

Siandiki zaidi. Nimechoka kwa furaha, na kwa jambo jingine.


Jumapili, 23 Machi

Hapakuwa na ndege.

Daftari hili halisomi mtu, basi niandike ilivyokuwa.

Jana nilimaliza sura ya nane. Nikalowesha kidole, nikafunua sura ya tisa yote kwa mkupuo, nikaangukia ya kumi. Balaa likaanzia hapo, maana katika sura ya kumi yule mdogo yuko peke yake dukani, amevaa koti la marehemu. Sasa marehemu nimeshamfufua, nitamweka wapi? Nikaanza kutunga. Nikasema yule mkubwa aliumwa kidogo, kichwa tu, asubuhi akaamka akaomba chai. Nikamrudisha kaunta. Nikaona amebaki bila koti, maana lake mdogo amelivaa, nikamnunulia jipya, wakawa na makoti mawili. Nikanogewa. Nikampeleka harusini akacheza. Sijawahi kusema uongo mtamu kama huo, na nimeuza friji za mtumba.

Kaka alikuwa amefumba macho. Nilidhani amelala. Nikawa nasoma — natunga — kwa sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mtoto.

"Umeruka."

Sauti ilikwaruza, kama bomba lililokaa muda bila maji. Lakini neno lilikuwa kamili. Nimelichunguza usiku kucha kama ninavyochunguza friji iliyowaka yenyewe, na sioni pa kurekebisha: mtendaji ni mimi, kosa limeshatendeka, na kosa lenyewe ndilo hasa. Dada wa mazoezi alikuwa anaomba "ma" na "ba". Kaka kaja na sarufi.

Na mimi, ndugu yake, niliyewahi kufunga karakana mapema kwa ajili ya nyusi moja, nilifanya nini? Sikushangilia. Nilishikwa na aibu ya mtoto wa miaka saba. "Nisamehe, kaka," nikasema. Nilishaomba radhi na kuanza kutafuta ukurasa kabla akili haijaniambia: amesema! Ndipo mke wangu akatokea na mwiko.

Mbona sikumwambia? Kwa sababu angeuliza nimeruka nini. Ningemjibu nini, na kaka amekaa pale anasikia? Kwamba niliruka kifo chake?

Leo baada ya chakula nilikaa naye, kitabu mapajani, kimefungwa. Nikamwambia ukweli. Kwamba sura ya tisa ipo. Kwamba yule mkubwa anaanguka, kama yeye, na mwishowe anakufa. "Ndiyo maana, kaka. Sikuweza."

Akanitazama. Nyusi haikupanda. Kisha midomo ikaanza kuhangaika. Mshipa ukamtoka shingoni, jasho kwenye paji la uso. Nikataka kumwambia aache, asijitese, nimeelewa. Akainua mkono wa kushoto kuninyamazisha, ule ule wa kufunga kitabu, lakini safari hii ukashuka juu ya jalada na kulisukuma kwangu.

"Rudi," akasema. "Barafu."

Maneno mawili. Na la pili ni mimi.

Nikafungua. "Sura ya tisa," nikasoma, kwa sauti yangu mwenyewe, bila kumwigiza mtu. Mstari wa kwanza nikaumaliza salama. Wa pili macho yakajaa, herufi zikaogelea, nikaruka neno. Safari hii kwa bahati mbaya, Mungu anajua.

Kifundo cha kidole kwenye mkono wa kiti. Mara mbili.

"Tena."

Nikaanza upya kutoka juu.

Tumefika katikati ya sura. Yule mkubwa ameshaanguka, mdogo anamlisha kwa kijiko na kumwagia nusu. Kaka hapo alicheka, mabega yote. Mimi sikuona cha kucheka, kwa sababu ndivyo ninavyomlisha. Kisha mke wangu akaleta chai, akatukuta wote wawili macho mekundu, akauliza kulikoni. Nikamwambia nitamweleza. Akasema nieleze sasa. Nikasema ngoja tumalize sura. Amekaa naye huko sasa hivi, anamnywesha, anamuuliza habari za yule ndege. Namsikia. Kaka anaguna tu. Hajanisema.

Mimi nimekuja huku barazani, nimejifanya natafuta miwani, naandika. Zimebaki kurasa chache. Najua kilichopo. Yeye pia anajua, nimeshamwambia, na bado anazitaka, neno kwa neno.

Kikombe kimewekwa mezani. Anagonga.

Naenda.