Baiskeli Inapanda Mulima, Kilo Hazishuki

*Barua ya mama mumoja wa Kabuta kwa Mzee Kalaba, mushauri wa redio hapa Nchelenge, na jibu la mzee mwenyewe.*

Mzee wetu, pokea salamu katika jina la Yesu, nakuandikia na haya kidogo lakini nisaidie, mimi ni Orpha, nilivuka kutoka Congo na bwana yangu Evariste, sasa tunakaa Kabuta, nauza samaki, na zamani samaki walikuwa wanapanda gari kwenda kuuzwa kule kwenye kambi ya wakimbizi, mimi nimeketi, mpaka siku nesi alinipima presha akakunja uso, akanipa vidonge, akasema mama, punguza mwili, moyo wako unabeba watu wawili, na mama yangu muzazi alianguka na presha hiyo hiyo akiwa anaanika muhogo, hakuamka tena, alors nikaogopa, nikatafuta baiskeli, sasa samaki ninapeleka mwenyewe, mulima wote nakanyaga, wanaume wanapiga miluzi, mimi nakanyaga tu, na nikifika kwa Mama Clémentine, muteja wangu, ananipa munkoyo ya mahindi na sukari kwa sababu anaona jasho, hiyo si chakula, ni ya kunywa, halafu kwa Mama Kapinga, muteja mwingine, naonja muhogo na karanga, mutu hawezi kukataa, watasema nina majivuno ama naogopa kulogwa, na njiani nashika vitumbua vya kupata nguvu ya kurudi, na nyumbani Evariste, bwana muzuri kweli, amenisongea bukari, ugali wetu wa Congo, na samaki wa kukaanga wanaogelea ndani ya mawese, ananiambia, "Kula, mama, leo umetoka jasho," nami nakula kwa sababu ni kweli nimetoka jasho. Juzi nesi amesema presha imeshuka kidogo, lakini kilo zimepanda, mzee, zimepanda! Evariste anasema tuuze baiskeli, mwili ni wa Mungu. Niuze? Ama ninunue ile dawa ya sokoni ya kuyeyusha mafuta?

Jibu

Orpha, mutoto wangu, kwanza nakuvulia kofia, na mutu mwenye kipara kama changu havui kofia bure. Mulima ule mimi niliusukumia baiskeli tupu, nikasimama katikati nikidanganya watu kwamba naangalia ziwa. Wewe unaukanyaga na karai la samaki nyuma! Hao wa miluzi, nusu yao wanasukuma. Hata mimi ningekupigia, ila meno ya kushika upepo yameisha.

Sasa leta sikio nikugombeze. Barua yako nimeisoma nikashiba. Munkoyo si chakula? Mahindi yale yaliingia ndani ya kikombe kutafuta nini, ubatizo? Miguu inafanya kazi kutoka asubuhi, mudomo unafuta kazi yote kwenye kila mulango. Jasho halikupi ruhusa ya bukari mbili, mama.

Lakini hukusoma vizuri ulichoandika mwenyewe: presha imeshuka! Hiyo ni baiskeli, pamoja na vidonge. Kukanyaga kunatia moyo nguvu. Kilo zinashukia kwenye sahani. Mutu akipiga kasia upande mumoja tu, mutumbwi unazunguka pale pale.

Kukataa chakula cha watu ni vibaya, hapo umesema kweli. Huku Luapula ni kutangaza vita. Lakini nani alikuambia ulichopokea ukimalize pale pale? Hata kwenye arusi wamama wanafunga nyama ndani ya kitenge kupelekea watoto. Beba bakuli lenye kifuniko. Pokea kwa mikono miwili, piga goti, sema, "Mama Kapinga, hii tutaigawana nyumbani." Atafurahi mara mbili. Kwa Clémentine omba maji, sema nesi amekataza sukari. Nesi hana haya, mutwike yeye. Vitumbua, acha. Sina neno tamu la kuongeza. Njaa ya njiani ina yai la kuchemsha.

Nyumbani, bukari iwe kiasi cha ngumi yako, si ngumi ya Evariste. Samaki achemke na nyanya, sombe, majani ya muhogo, ijaze nusu ya sahani, mawese yapite kama mugeni. Dawa ya sokoni usiiguse: anayeiuza nimemuona, tumbo lake linafika kabla yake. Vidonge vya nesi, meza mpaka yeye mwenyewe aseme basi.

Na wewe, Evariste, najua uko karibu na redio. Unamupenda bibi yako, mafuta yanashuhudia. Lakini mama mukwe wako alianguka kwenye muhogo wake, na mutoto wake anakanyaga mulima kila siku kukimbia kifo kile kile, halafu wewe unamungojea mulangoni na mwiko. Baiskeli haiuzwi. Leo jioni songa kidogo. Akilia apewe nyongeza, mupigie hadithi. Ukinikatalia, siku moja utasonga bukari kubwa, ya moto, nzuri sana, utaita, "Orpha, kuja tule," na hakuna mutu atakayejibu.