Fainali ya Garbanceros

Santa Brígida, Sinaloa
Januari 6, 1974

Mdogo wangu Evelio,

Hujambo huko? Sisi wazima, kasoro Baba hapati usingizi. Pole kwa timu yenu kutolewa, ingawa moyoni nimefurahi. Sasa uje ule tamales, maana picha yako ya gazetini inatisha, utafikiri hawakulishi.

Garbanceros wetu, "watu wa dengu" kama wanavyotuita, wameingia fainali ya besiboli, mara ya kwanza tangu mwaka ule wa ubingwa, kasisi alipogonga kengele mpaka kamba ikakatika. Lakini don Abundio, mwenye timu, ametangaza kwamba wasipochukua kombe anaiuza kwa matajiri wa mpakani. Timu ambayo Baba na wenzake waliianzisha kwenye shamba la dengu, wakiokota mawe kwa mikono, yeye akiwa mdakaji wao wa kwanza. Tangu asikie, chakula anakisukuma tu. Njoo ukae naye, mimi hanisikilizi.

Dada yako,
Leonor

Puerto Ballena
Januari 11

Dada Leonor,

Shikamoo. Mimi mzima. Msalimie Baba, ila barua hii usimsomee.

Siji. Unajua desturi ya ligi: timu zilizofika fainali huchagua wachezaji wa kujiongezea nguvu kutoka zile zilizotolewa. Puerto Ballena, wapinzani wenu wa fainali, wamenichagua mimi, wa kwanza kabisa. Nitarusha mpira dhidi ya timu ya Baba. Nilimwomba kocha atafute mwingine, akacheka: "Kijana, ukikataa, msimu ujao utauza karanga jukwaani." Tena kuna Mmarekani mtafuta vipaji anayekuja kunitazama. Nafasi kama hii nimeingoja tangu utotoni.

Nimechanganyikiwa, dada. Nikishinda, namuua Baba. Nikishindwa, watasema nimefanya makusudi.

Mdogo wako,
Evelio

Santa Brígida
Januari 20

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Huku hatuna amani.

Baba alikusikia redioni. Akaizima, akaenda kuosha vyombo, kazi ambayo hajaifanya maisha yake yote. Juzi watu walimwaga gunia la dengu mlangoni petu. Hata doña Chayo wa duka la chapati za tortilla, aliyekulea mgongoni, ameniambia mbele ya foleni nzima: "Zako hizi zimepoa. Za moto kale kwa wale mnaowashindia."

Sasa mmeshinda mechi tatu kwa tatu, na wanasema ya saba, ya mwisho, utarusha wewe. Evelio, sijawahi kukuomba kitu. Sikwambii ushindwe. Sema bega linauma. Mabega ya warushaji huuma kila siku, nani atapima? Arushe mwingine, wewe ubaki na mikono safi. Ninaogopa Baba hataivuka wiki hii.

Nampa dereva wa basi barua hii ikufikie kabla ya mechi. Ichome.

Dada yako,
Leonor

Puerto Ballena
Januari 28

Dada Leonor,

Shikamoo. Siulizi hali, nimeshasikia don Abundio ametia saini kuiuza timu. Na mwandiko usiucheke, natumia mkono wa kushoto.

Bega lilikuwa linauma kweli, tangu Krismasi. Asubuhi ya mechi niliamka nimeshaamua kumwambia kocha siwezi. Nilikuwa nakunywa kahawa dereva aliponiletea barua yako. Nikaisoma, nikaona nimefungwa mdomo. Ningesemaje tena kwamba bega linauma? Hata mimi nisingejiamini. Basi nikarusha. Katikati ya mechi kitu kilikatika humu begani, nikaendelea mpaka mwisho, nikashinda kama mlivyosikia. Mmarekani aliondoka bila kuniaga. Daktari anasema mkono huu hautarusha tena.

Nina hasira nawe, dada, lakini itapita. Barua nimeichoma. Baba asijue uliniomba nini, maana yeye hakuwahi kumwomba hata adui ajitoe mchezoni, na mimi nataka abaki walau na mtoto mmoja.

Jumamosi napanda basi la kupita hapo. Muulize, kwa upole tu, kama nishuke au nipitilize.

Mdogo wako,
Evelio